Ndege Iliyobebwa Kabla ya Kuruka

Vita vya Kwanza vya Dunia viliingia Ziwa Tanganyika vikiwa vimefungwa kwenye makasha. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilijengwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli kuelekea Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizoteremshwa Cape Town, zikasafiri kwa treni hadi Katanga, kisha zikakokotwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za watu. Wabelgiji, waliokuwa ng'ambo ya magharibi, walileta ndege.

Zilikuwa ndege nne za majini aina ya Short 827, mali ya jeshi la majini la Uingereza, zilizoazimwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa 1916 zilivuliwa mabawa, zikatiwa kwenye makasha na kuanza safari. Meli iliziteremsha Matadi. Treni ikazipeleka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kutoka hapo zilipanda mto Kongo hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Zikapakiwa treni hadi Ponthierville ili kuyakwepa maporomoko. Zikarudi mtoni hadi Kindu. Treni tena hadi Kongolo. Mto tena hadi Kabalo. Na mwisho treni, kwa reli iliyokamilika mwaka 1915, hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Katika kila kituo kati ya hivyo, kila kasha lilishushwa chombo kimoja na kupandishwa kingine. Kambi iliwekwa Mtoa, jirani na Albertville. Mawimbi ya ziwa yalipoonekana kuzizidi nguvu ndege hizo, zilihamishiwa Tungwe, kwenye ziwa dogo la kando lenye maji yaliyotulia.

Mimi huunda modeli za ndege za miaka hiyo hapa Kimironko, Kigali, na ninayoirudia kuliko zote ni hiyo Short 827. Ukiitazama kwa haraka, kazi hii inaonekana mchezo wa watu wenye nafasi: mtu mzima ameinamia meza, kibano mkononi, anashughulika na kitu cha kuwekwa kabatini. Nimefika mahali pa kuamini vinginevyo. Vita vya Tanganyika vilikuwa vita vya kufungua, kubeba na kuunganisha, na anayeunganisha kwa mikono yake anavielewa kwa namna ambayo msomaji wa vitabu peke yake haifikii. Ila uelewa huo hauji kwa kununua boksi la plastiki na kufuata karatasi ya maelekezo. Unaanzia kwenye waya.

Anayetazama picha ya ndege ya mwaka 1915 huona mabawa, maboya na injini. Waya huziona kama mistari myembamba iliyopita katikati, na jicho lake huziruka. Hilo ni kosa la jicho. Mabawa yale yalikuwa fremu za mbao nyepesi zilizovikwa kitani, na kitani kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikaitika kama ngoma kikigongwa kwa kidole. Bawa la namna hiyo likiachwa peke yake halina nguvu ya kumbeba mtu. Nguvu ilipatikana kwa kuweka mabawa mawili, moja juu ya jingine, kusimamisha nguzo katikati yake, na kuvuta waya kimshazari kutoka nguzo hadi nguzo mpaka umbo zima likakosa pa kuyumbia.

Kila waya ilikuwa na zamu yake. Ndege ikiwa angani, hewa huyasukuma mabawa juu, na zinazoyazuia yasijikunje ni waya zinazoanzia chini karibu na kiwiliwili na kupanda kuelekea nje. Ndege ikiwa juu ya maji au ardhini, mzigo hugeuka. Mabawa yanataka kulala, na sasa zinazoyashikilia ni waya za upande wa pili, zinazoanzia juu katikati na kushuka kuelekea nje. Zile za kwanza mara nyingi ziliwekwa mbili-mbili, kwa sababu ikikatika moja angani rubani hana pa kwenda kuifunga nyingine. Zilikuwepo pia waya fupi kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, za kulinda mwinamo wa bawa, na waya za usukani zilizokwenda mpaka mkiani. Kwenye Caudron G.3, ndege ya Kifaransa iliyotumika Afrika Mashariki, rubani aligeuka kwa kuyapinda mabawa yenyewe kwa waya. Anayeiunda Caudron bila kujua waya zipi zilikuwa za kuvuta na zipi za kushikilia, atazifunga zote sawa na hataona tofauti, lakini ndege aliyoiweka mezani isingeweza kupinda kona.

Katika vikosi vya wakati ule alikuwepo fundi ambaye kazi yake ilikuwa waya tu. Alitumia timazi, kipima maji na skrubu za kukazia zilizowekwa mwishoni mwa kila waya. Waya moja ikikazwa kupita kiasi, bawa linapinda, na ndege inavuta upande mmoja safari nzima mpaka mikono ya rubani inakufa ganzi. Modeli inalifunza jambo hilo kwa vidole. Bawa la plastiki au la kijiti cha mwanzi lenye unene wa milimita moja au mbili hupindishwa na uzi mmoja uliovutwa kwa pupa, na namna pekee ya kulinyoosha ni kuvuta wa upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo unaanza katikati na kwenda nje, kushoto na kulia kwa zamu, na baada ya kila jozi unaiinua ndege usawa wa macho na kuitazama kwa mbele. Hakuna njia ya mkato hapa. Wala mafundi wa Mtoa hawakuwa nayo, isipokuwa wao walikuwa na mabawa yenye upana wa mita 16 na zaidi kutoka ncha hadi ncha, ziwa lenye upepo mbele yao, na adui ng'ambo.

Ugumu mwingine ni unene. Waya ya milimita 4, ukiipunguza kwa kipimo cha 1/72, inabaki chini ya sehemu sita za mia za milimita, ambao ni unene wa unywele mwembamba. Kwa kipimo cha 1/48 inakaribia sehemu nane za mia. Ninachagua 1/48, ambapo Short 827 ina upana wa sentimita 34 hivi, kwa sababu kwa kipimo hicho vifaa ninavyohitaji ninavipata kwa miguu. Kampuni kubwa za modeli ziko mbali: Airfix Uingereza, Eduard Ucheki, Roden Ukraine. Wingnut Wings ya New Zealand, iliyosifiwa na waundaji wote kwa ndege zake za vita hivyo, ilifungwa mwaka 2020. Uzi maalumu wa kunyumbulika unaouzwa kwa kazi hii huagizwa kutoka nje, na gharama ya kuusafirisha huushinda uzi wenyewe. Soko la Kimironko lina dawa ya hilo kwa anayejua anachotafuta.

Mishipi ya kuvulia, ile ya nailoni, inafaa kwa kipimo kikubwa tu, kwani hata iliyo nyembamba huonekana kamba kwenye ndege ndogo. Kwa washonaji, ambako cherehani haziachi kulia mchana kutwa, unapata uzi wa nailoni usioonekana, wa kukunjia pindo. Huu ni mzuri na una tabia moja ya manufaa: ukipitisha karibu nao kijiti cha udi kinachofuka, bila kuugusa, unajikaza wenyewe. Vijiti vya mishikaki ni mwanzi safi. Ukivipasua kwa wembe na kuvipiga msasa vinakuwa nguzo za mabawa zenye nguvu kuliko plastiki. Kebo ya chaja iliyokufa ina nyuzi za shaba ndani, nyembamba sana, na ganda la waya zake ndogo ukilikata vipande vya nusu milimita linakuwa skrubu za kukazia.

Lakini nyuzi bora kuliko zote nilizipata kwenye vibanda vya nywele. Rasta za kusukia ni nyuzi ndefu za sintetiki, na uzi mmoja uliochomolewa kwenye fungu una unene ule ule tunaoutaka. Ni mweusi, umenyooka, haunyonyi maji wala hauoti manyoya kama pamba. Dada aliyeniuzia fungu la kwanza alitaka kujua ananiuzia za nani.

"Mkeo anasuka mtindo gani, kaka? Nikupe zinazofaa."

Nikamweleza ni za ndege, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa makini ya mtu ambaye riziki yake ni kugawa nyuzi nyembamba sawasawa. Kisha akaniambia nichukue zile zisizo na mawimbi, na nisizichane, kwa sababu kitana huzivuta na kuzipunguza unene katikati. Sijapata ushauri bora zaidi ya huo juu ya kazi hii kutoka kwa mtu yeyote, wa karibu au wa mbali.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unatoboa tundu la sehemu tatu za kumi za milimita kwenye bawa la juu, pale nguzo inapokutana na bawa, na jingine kwenye bawa la chini mahali waya inapoishia. Unachovya ncha ya uzi kwenye tone la supagluu, tone dogo la kubebwa na ncha ya sindano, unaiingiza tundu la juu na kusubiri ishike. Kisha uzi unapitishwa tundu la chini mpaka utokee ng'ambo, unaning'inizwa kibanio cha nguo ili uzito wake uuvute, na ndipo tundu la chini linatiwa gundi. Gundi ikikauka, wembe mpya unakata kinachozidi usawa wa bawa. Wembe uliotumika hauufai uzi huu: unauburuta badala ya kuukata, na bawa linapata kovu. Tumia mwanga wa mchana wa dirishani, kwani taa ya juu huufanya uzi mweusi upotee mbele ya mbao nyeusi.

Gundi, mbao na kitambaa ndivyo vilivyoamua mambo mengi katika historia ya kweli ya ndege hizi. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, na mikoko ikaizuia isionekane kutoka baharini. Waingereza walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, waliyoitoa Durban. Mwezi Novemba aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, akaiona meli, na mapema Desemba ndege ilishuka ndani ya delta akatekwa. Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith. Joto na unyevu wa pwani vilizishinda: gundi ililegea, panga za mbele zikaharibika, na injini zikakosa nguvu ya kuinua mzigo uliokusudiwa. Zilipofika Short za mtindo wa kukunja mabawa, rubani John Cull alifanikiwa kupita juu ya meli hiyo tarehe 25 Aprili na kuipiga picha.

Baadaye, Juni, uwanja wa ndege ulitengenezwa kisiwani Mafia, na zikaletwa Caudron G.3 mbili pamoja na Henri Farman mbili. Hizi Farman ni somo zuri kwa muundaji wa modeli. Aina iliyoletwa, F.27, ilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma badala ya mbao, na hiyo ndiyo sababu ilivumilia hali ya hewa ya huku. Kwa mbali, Farman ya mbao na ya chuma zinafanana. Tofauti iko kwenye unene wa mifupa ya mkia na namna waya zilivyofungwa kwenye viungo, na ndani ya tofauti hiyo ndogo kuna sababu ya ndege moja kuruka Mafia na nyingine kuozea kwenye turubai. Anayezipaka zote rangi ya mbao ameifuta sababu hiyo.

Tarehe 6 na 11 Julai 1915 manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia Rufiji na kuipiga Königsberg, huku ndege zikizielekeza kwa redio mahali makombora yalipokuwa yakiangukia. Siku ya pili ndege ya Cull na mwenzake Arnold ilipigwa. Wakiwa wanashuka waliendelea kutuma marekebisho ya shabaha, wakaangukia mtoni na kuokolewa na boti ya Mersey. Königsberg ikaishia hapo. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 haikuishia hapo: Wajerumani waliiopoa, wakaitumia nchi kavu muda wote uliobaki wa vita. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo. Mwingine ulipelekwa Kigoma na kufungwa kwenye sitaha ya Graf von Götzen.

Kwa hiyo ndege za Tungwe zilitarajia kuukabili mzinga ambao ndege za Mafia zilikuwa zimeunyang'anya meli yake. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe, akiwa na Collignon kama mwangalizi, alivuka ziwa na kudondosha mabomu bandarini Kigoma, akiilenga Götzen. Kutoka eneo la Kalemie hadi Kigoma na kurudi ni kama kilomita 250. Short 827, yenye injini ya Sunbeam ya nguvu-farasi 150, haikufikia kilomita 100 kwa saa, na mafuta yake yalitosha saa tatu na nusu. Kwa hesabu hiyo watu wawili walikaa angani zaidi ya saa mbili na nusu, karibu muda wote wakiwa juu ya maji, ndani ya kitu kilichoshikiliwa na waya zile tulizozieleza, na akiba yao haikufika saa moja. Ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini inapungukiwa, kwa hiyo hata kuyang'oa maboya majini ilikuwa kazi.

Götzen waliyoilenga haikuwa tena na mzinga ule. Ulikuwa umeondolewa na kupelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao. Hakuna mtu juu ya ndege angeweza kujua. Mzinga wa mbao ulifanya kazi ya kutisha kwa muda. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Julai, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe, injini zikiwa zimepakwa mafuta mazito ili zisishike kutu, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Meli iliibuliwa, ikazama tena kwa dhoruba, ikaibuliwa mara ya pili na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 imebeba jina la Liemba. Behaeghe hakuiona meli ikiibuliwa wala ikipewa jina jipya. Alifariki Desemba 1916 huko Niemba, Kongo, kwa maradhi.

Huku kwetu vita hivyo hivyo vilipita kwa sura nyingine. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Rwanda Aprili na Mei 1916, na Kigali, mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ulichukuliwa tarehe 6 Mei. Nyanza ilifuata mwezi huo huo, na Septemba jeshi hilo lilikuwa Tabora. Katika njia yote hiyo ya milimani hakuna ndege iliyoruka. Zile nne zilikuwa zinaunganishwa kando ya ziwa wakati Kigali inabadilisha bendera. Kilichovuka vilima vya Rwanda ni miguu ya askari na, kwa idadi kubwa zaidi, miguu ya wapagazi. Makadirio yanayotajwa kwa upande wa Wabelgiji katika vita vyote ni wapagazi 260,000, wengi kutoka Kongo, na wengine wakachukuliwa hapa hapa kadiri jeshi lilivyosonga. Chakula kilichukuliwa pamoja nao. Kati ya 1916 na 1918 kaskazini magharibi ya Rwanda, hasa Bugoyi, ilipigwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Rumanura, na mahitaji ya majeshi ni sehemu ya chanzo chake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waundaji wenzangu wengi. Kwao modeli ni mashine, na heshima ya kazi iko kwenye usahihi wa mashine: rangi ya kitani, idadi ya waya, umbo la panga la mbele. Nayaheshimu hayo yote na nimeyatetea hapa. Lakini ndege ya Tanganyika ikiwekwa peke yake juu ya kipande cha ubao uliopigwa vanishi inadanganya kuhusu jambo kubwa, hata kama kila waya iko mahali pake. Inasema kwamba kifaa hiki kilifika kwa kuruka. Hakikuruka. Kilisafiri maelfu ya kilomita kikiwa mzigo, na kiliruka mara chache tu mwishoni. Mzigo una wabebaji. Ndege tupu ya Short 827 ilikuwa na uzito wa kilo 1,225 hivi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Gawanya, utapata watu zaidi ya arobaini kwa ndege moja, kabla hujahesabu mabomu, mafuta, vipuri, mahema na chakula cha marubani, na kabla hujakumbuka kwamba injini haigawanyiki, kwa hiyo inataka watu wengi chini ya mti mmoja kwa wakati mmoja. Reli na mito zilibeba sehemu kubwa ya njia, lakini kila reli ilipokoma na kila mto ulipoanza, hesabu hiyo ilirudi.

Wenzangu hujibu kwamba sanamu za watu huvuta macho na kuiharibu ndege. Jibu hilo lina ukweli wa kisanaa, na nimelifikiria. Sanamu mbovu kweli huiua modeli nzuri. Dawa ya sanamu mbovu ni kutengeneza sanamu nzuri, kama vile dawa ya uzi mnene ilivyokuwa kutafuta uzi mwembamba. Boksi za kiwandani huja na rubani na pengine fundi mmoja, wote Wazungu, kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya Ufaransa na Ubelgiji ya 1917. Mpagazi wa Kongo hamo ndani ya boksi lolote ninalolijua, kwa hiyo anafinyangwa. Kwa kipimo cha 1/48 mtu mzima ana milimita 35 hivi. Uti wa mgongo ni waya ya shaba, mwili ni gundi ya kukandia wanayouza kwa ajili ya kuzibia mabomba, ambayo unaikanda vidoleni na kuichonga kwa sindano kabla haijawa ngumu. Shuka kiunoni ni karatasi laini iliyolowekwa gundi. Kinachotaka uangalifu ni uzito: mtu aliyebeba kilo 27 kichwani husimama wima shingo imekaza, mkono mmoja juu, na hatua zake ni fupi. Wanne walioshika mti wenye injini katikati huegemea ndani, kila mmoja kuelekea mwenzake. Sanamu isiyoonyesha mwegemeo huo imebeba kasha tupu, na mtazamaji ataligundua hilo hata kama hatajua kulieleza.

Short wanaipendekeza kazi hii kwa namna ndege yao ilivyoundwa. Mabawa yake yalikunjwa kwenda nyuma yakiwa na nguzo na waya zake, na kwa safari ndefu yaliondolewa kabisa. Hivyo muundaji ana hiari ya kuionyesha ndege katika hatua yoyote: makasha yamefunguliwa ufukweni, kiwiliwili kimekaa juu ya maboya mawili makubwa, lile dogo la mkia limewekewa kigogo chini, bawa la kushoto limeshaunganishwa na fundi anapima waya zake kwa timazi, la kulia bado limeegemezwa kwenye kasha na watu sita wanajiandaa kuliinua. Hatua hii naipenda kuliko ndege iliyokamilika, kwani ndani yake kila mtu aliyehusika ana kazi ya kufanya na hakuna aliye pambo.

Inaleta tatizo moja la kifundi, na nitalitaja kwa faida ya atakayejaribu. Waya za bawa ambalo halijafungwa kwenye kiwiliwili hazikazi. Zile za ndani, za kushikana na kiwiliwili, huning'inia na kujikunja kwa uzito wake, na ncha zake zina skrubu zinazosubiri kufungwa. Uzi wa rasta hauwezi kuonyesha hilo, maana hutaka kunyooka daima, wala ule wa nailoni. Hapo tumia nyuzi za shaba za kebo ya chaja. Zipitishe kwanza juu ya moto wa kiberiti ili zilainike, zipake rangi nyeusi ya kijivu, kisha zipinde kwa kibano, kila moja peke yake, zikielekea chini.